Mbwa wa Kuwinda na Mlango wa Chumba cha Kufulia

Ninaungama kosa hili nikiwa mwanamke mzima, muuguzi mwenye shahada. Mwaka 2018, hapa ughaibuni, mjini Pearland, niliomba kupewa basenji aliyeokolewa kutoka kwa mtu aliyemtesa. Huyu ni mbwa wa kuwinda, adimu, mwenye asili ya Kongo, na habweki. Kabla ya kunikabidhi, shirika la kuokoa mbwa lilimtuma mama mmoja wa Kizungu, Carol, aje na mbwa huyo kuikagua nyumba yangu.

Kwetu Nyeri mbwa hupewa jirani bila maswali. Nani hukagua nyumba kwa ajili ya mbwa? Nikashuku kwamba Carol ni afisa wa uhamiaji. Mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea na viza yake ilikuwa halali kabisa, lakini hofu haisomi karatasi. Nikamficha katika chumba cha kufulia.

Carol alitazama ua, akahesabu vyumba. Shaka yangu ikazidi.

"Ukiwa kazini mchana, nani hubaki hapa?"

"Hakuna mtu. Hakuna kabisa."

Akafunga daftari lake kwa huzuni. "Basi siwezi kumwacha. Huyu hawezi kukaa peke yake."

Ndipo tulipogundua kwamba mbwa hayupo. Tulimkuta amesimama kimya, mguu mmoja juu, pua kwenye mlango wa chumba cha kufulia.

"Wanjiru," Mama akaita kutoka ndani, "huyo askari ameenda? Kuna kitu kinaninusa."

Carol alinigeukia. "Nani yuko humo?"

"Mama yangu," nikasema. "Hushinda nyumbani kutwa."