Mama yangu wa mitishamba, Kabula wa Mtowisa na kikamba chenye mafundo

Habari zenu wakuu, na wale mnaosoma kimya kimya bila kulogin nawaona pia.

Juzi humu jukwaani kuna mtu kaandika kwamba waganga wa mitishamba wote ni matapeli. Chini yake mwingine kaja na picha ya unga wa maua, anadai unatibu kansa zote, tumfuate PM. Nikasonya mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni.

Sasa nitawajibu wote wawili kwa mpigo. Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu. Sehemu ninayojiaibisha sitaificha, na sehemu ya kujivunia mtanisamehe, nitajivuna.

Mimi ni Mfipa wa Mpui, Sumbawanga vijijini. Najua mkisikia Sumbawanga mnaanza utani wa radi na ungo. Tanieni mmalize, nawasubiri.

Haya.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Biashara zimefunguliwa, vyama vingi vimeanza juzi juzi tu, kila kijana mwenye miguu ni mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nachukua mitumba Tunduma nauza Mpui na Sumbawanga mjini. Nimeshaoa, nina baiskeli, najiona mtu.

Mama yangu, Mama Desderi, alikuwa mtu wa mitishamba. Sio ramli, sio tunguri. Misa ya Jumapili hakosi, na jumuiya anaongoza yeye. Alichokijua ni majipu na uvimbe, alifundishwa na mama yake. Watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata.

Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwingine. Akikupokea na uvimbe, kabla ya dawa yoyote anachukua kikamba cha gome la mti, anaupima, anafunga fundo pale uvimbe unapoishia. Anakubandika dawa. Kesho yake anapima tena kwa kikamba kilekile. Keshokutwa tena.

Fundo likirudi nyuma, unaendelea na dawa. Mafundo yakisonga mbele siku zote tatu, anakwambia mwenyewe kwamba dawa yake imeshindwa. Yaani mganga anakwambia ameshindwa! Mimi kama mfanyabiashara ilikuwa inaniuma sana.

Siku moja asubuhi akaja Msukuma mmoja anaitwa Masanja, mfugaji wa kule bondeni Mtowisa. Alikuwa amepanda ule mlima wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu, binti yake wa miaka sita mgongoni. Mkewe alikuwa na kichanga, akabaki na ng'ombe.

Wametoka kwenye joto la Mtowisa, wamefika kwenye baridi yetu ya Mpui na shuka moja. Mtoto anatetemeka meno yanagongana. Anaitwa Kabula.

Wakuu, taya la kushoto la yule mtoto lilikuwa limevimba kama ameweka embe shavuni. Walidhani ni jino. Walishamng'oa mawili huko huko bondeni, uvimbe ukazidi.

Mama akampa uji wa ulezi kwanza. Halafu akatoa kikamba, akakianzishia chini ya sikio, akakipitisha juu ya uvimbe mpaka katikati ya kidevu. Fundo la kwanza.

Kesho yake, fundo la pili likapita la kwanza. Siku ya tatu, la tatu likapita la pili. Na dawa ilibandikwa usiku na mchana.

Mama akaketi chini pale barazani, akakinyoosha kikamba mbele ya Masanja.

"Baba Kabula, hapa ni juzi. Hapa ni jana. Hapa ni leo. Hili sio jipu, halina usaha, na dawa yangu halijaisikia kabisa. Tunampeleka hospitali."

Masanja akasimama. "Mama, nimepanda mlima wote ule kwa ajili yako. Hospitali watamkata taya mwanangu."

"Wanaweza wakamkata, wanaweza wasimkate. Mimi nikikuongopea hapa, tutamzika."

Nikamvuta mama pembeni. Nikamwambia, na leo naandika huku nimeinamisha kichwa: "Mama, unaharibu jina. Mpe dawa, aende zake. Wakisikia umeshindwa na jino la mtoto, nani atakuja tena?"

Alinitazama tu kuanzia miguuni kwenda juu, akaingia ndani kufunga kanga zake. Ukitazamwa vile na mama yako mzazi unatamani ardhi ipasuke.

Akaamua kwenda naye mwenyewe. Wodi ya watoto baba haruhusiwi kulala, na mama wa mtoto yuko bondeni. Masanja alipoona mganga anabeba sufuria lake kwenda kulala hospitali na mgonjwa, akamrudisha mtoto mgongoni. Tukadandia lori la mahindi, mpaka Tunduma, mpaka Mbeya, hospitali kubwa.

Sasa hapa ndipo kifua changu kinapotanuka.

Daktari alikuwa kijana tu, Mtanzania mwenzetu. Akauliza uvimbe umeanza lini, Masanja akajibu "siku nyingi". Akauliza unakua kwa kasi gani. Masanja akamgeukia mama.

Mama akafungua pindo la kanga akatoa kikamba.

Nikafumba macho, nikajua sasa tunatimuliwa kwa ushirikina. Nilipofumbua, daktari alikuwa amekilaza kikamba kwenye rula anaandika namba kwenye faili! Fundo moja, la pili, la tatu.

"Mama, siku hizi tatu umepima wewe?"

"Ndiyo, mwanangu. Saa ileile kila siku."

Akavuta kiti chake mwenyewe akampa mama akae. Mama yangu, darasa la pili, amekalia kiti cha daktari!

Walichukua kinyama kidogo wakapima. Ikawa kansa ya taya, ile inayowapata watoto, hasa wa sehemu za joto kama kule bondeni. Daktari akasema inakua haraka mno, na tungechelewa wiki chache isingetibika tena. Ila ikiwahiwa inasikia dawa. Hakuna kukata, ni sindano.

Masanja alilia. Mwanaume mrefu vile, akageukia ukutani akalia.

Mama naye kwa udadisi wake akauliza hiyo sindano imetengenezwa na nini. Daktari akacheka, akamwita dirishani. Nje kulikuwa na bustani ya vile viua vya rangi ya waridi, vyenye petali tano, ambavyo kwetu vinapandwa makaburini na milangoni.

"Moja ya dawa atakazochomwa asili yake ni ua lile pale, mama."

"Hilo? Mimi ninalo mlangoni, nimelipanda lipendeze tu!"

Akauliza kama wanachemsha. Daktari akakaza uso. Akasema hapana, kwenye majani yake kuna sumu kali, wanatumia mzigo mkubwa wa majani kuchuja dawa kidogo sana, na hata hiyo inaingia kwenye mshipa kwa kipimo, ikimwagikia nyama inaunguza. Ukichemsha majani hujui unakunywa kiasi gani. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi.

Na mimi nilikuwa pale pale, nimesikia yote. Sina pa kukwepea.

Nikawaacha, nikarudi Mpui na biashara zangu. Jioni ya kwanza tu, kwenye pombe ya ulezi, mdomo ukanitoka. Nilitaka watu wajue mama yangu alikalia kiti cha daktari. Lakini nilivyosimulia, kila mara hadithi ilikuwa inanenepa kidogo. Mwisho nikapiga meza: "Ua la mlangoni kwa mama ni dawa ya kansa, madaktari wa Mbeya wamekiri!"

Wakuu, haikufika wiki. Maua yote Mpui yaliisha. Makaburini yaling'olewa, mbele ya kanisa yaling'olewa, mlangoni kwa mama pakabaki shimo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na uvimbe shingoni wa miaka mingi. Akachemsha sufuria zima, akanywa siku tatu mfululizo. Alitapika, akaharisha, miguu ikafa ganzi, tukambeba kwenye machela kumpeleka hospitali. Mungu saidia alipona, lakini alitembea na fimbo miezi mingi.

Mama aliporudi akaliona lile shimo, akauliza. Ikabidi niseme.

Hakupiga kelele. Alisema hivi: "Desderi, mimi nilipima siku tatu ndipo nikafungua mdomo. Wewe ulipima nini?"



Jumapili, baada ya misa, akaomba nafasi. Akasimama mbele ya watu wote, akaeleza kwamba yeye ameshindwa kumtibu yule mtoto, kwamba ua lile kwenye sufuria ni sumu, na atakayemwambia vingine, hata akiwa mwanawe, ni mwongo. Nilikuwa benchi la tatu. Niliona aibu, na papo hapo nikajivuna kwamba huyu mwanamke ndiye kanizaa.

Halafu akanituma nipite nyumba kwa nyumba kuyarudia maneno yale. Nikapita mpaka soli zikaisha.

Na usidhani wagonjwa walimkimbia. Waliongezeka! Watu walisema yule mama akikwambia utapona, ujue amepima.

Kabula alichomwa sindano kwa awamu. Mkewe Masanja alikuja Mbeya na kichanga chake kupokea zamu, na kila awamu walikuwa wanapita Mpui, mama anapima. Fundo la nne likarudi nyuma ya la tatu. La tano likarudi nyuma ya la kwanza. Nywele zilinyonyoka zote, zikaota tena. Akarudi bondeni.

Miaka ikapita mingi.

Mwaka fulani nipo nyumbani Mpui, mama ameshazeeka, macho hayaoni vizuri, akaingia mwanamke na mumewe, mtoto mgongoni. Akapiga magoti.

"Shikamoo bibi. Mimi Kabula wa Mtowisa."

Mama akampapasa taya kwa vidole, kushoto, kulia, tena kushoto. Akaniagiza kikamba kwenye kapu lake. Bado kilikuwepo.

Akakianzishia chini ya sikio, akakipitisha mpaka katikati ya kidevu. Vidole vyake vikapapasa mafundo, vikafika la tatu, lile lililotupeleka Mbeya. Taya la Kabula lilikuwa limelipita.

Mume wa Kabula uso ukambadilika.

Mama akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka begani. "Msiogope! Limepita kwa kukua. Mtoto amekuwa mtu mzima!"

Mama ameshatangulia. Kikamba ninacho mimi.

Nilichojifunza ni kifupi. Mimea ina dawa za kweli, na wataalamu waendelee kuichunguza, hata hii ya mabibi zetu. Lakini njia ni ndefu kutoka mlangoni kwa mama mpaka kwenye ile sindano, na sufuria haliwezi kuifupisha. Ukiona uvimbe unasonga, nenda hospitali.

Mwenye mama au bibi wa aina hii aje amsifie hapa chini, nafasi ipo tele. Na wewe ndugu wa unga wa maua, karibu pia, ila anza kwa kunijibu swali la mama: wewe umepima nini?