Mpini wa Kushoto

Watu wakisikia kwamba jioni za Jumatano nakwenda kulenga shabaha kwa bastola, macho huwatoka. Mwanamke wa Kitanga, mtu mzima, kazi yake kulea wazee wa watu huko Sundbyberg, Uswidi, na bastola! Mmoja kwenye arusi pale Rinkeby aliniuliza kama nina ugomvi na mume. Sina ugomvi na mtu. Siku hizi hata mume sina. Mara ya kwanza nilimfuata mfanyakazi mwenzangu tu, nikakuta watu wazima wamesimama kimya wanatoboa karatasi, hakuna kengele ya mgonjwa, hakuna anayekuita. Nikasema, hapa ndipo.

Klabu iko Jakobsberg, chini ya jengo la ghorofa, ndani ya handaki la zamani la kujifichia mabomu. Bastola zenyewe ni za risasi ndogo kabisa, za shabaha tu, zinalia ta! kama mtu kavunja kijiti. Kwa muda mrefu nilitumia za klabu, na muda wote huo nilikuwa kichekesho. Mwalimu wetu, mzee wa Kiswidi mstaafu mwenye maneno ya kuhesabu, alikuwa anaitazama karatasi yangu, anakohoa, kisha anasema, "Leo hewa imepata taabu." Na huku hupati kibali cha bastola yako mpaka klabu ishuhudie kwamba unajua kulenga. Mimi nilikuwa silengi, nabahatisha.

Halafu siku moja nikachomwa chanjo ya mafua bega la kulia, mkono ukagoma kuinuka. Nikasema potelea mbali, nikashika kwa kushoto. Risasi zote zikaingia kwenye duara jeusi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wewe ni wa kushoto," akasema. "Nani alikudanganya?"

Aliyenidanganya ni mama yangu. Nilipokuwa mdogo kila kitu nilishika kwa kushoto, kijiko, kalamu, hata fagio. Mama akanifunga ule mkono kwa kipande cha kanga, akakaza fundo, nikazunguka nao hivyo mpaka wa kulia ukazoea. Nikijisahau nikampa mtu kitu kwa kushoto, nakula kofi. Kwa hiyo nilipoupata mkono wangu ukubwani, tena ugenini, nilifurahi mno, wallahi. Nikaapa kwamba kwenye bastola sirudi kulia tena, na majaribio yote nikayafaulu kwa kushoto.

Basi ikafika Jumatano ya kuchagua bastola yangu mwenyewe, na wiki hiyo hiyo mama yuko kwangu Rissne, kaja kunitembelea.

"Unakwenda wapi na baridi hii?" akaniuliza mlangoni. Nikamwambia ukweli, maana kumdanganya mama yangu ni kazi ya kutwa. Akavuta koti langu la pili. "Nakuja."

Kule handakini mzee akampa kiti nyuma yetu, pamoja na vile vizuizi vikubwa vya masikio. Mama akavivaa juu ya mtandio, na tangu hapo hakusema tena, alinadi.

Bastola tatu zilikuwa zimepangwa mezani. Nikaishika ya kwanza, nikairudisha mezani mzee aichukue, kwa sababu pale ni marufuku kupeana mkononi.

"We mtoto!" mama akapiga ukelele. "Mtu mzima unamtupia kitu mezani? Mpe mkononi!"

"Ndiyo sheria yao, mama."

"Sheria gani hiyo isiyo na adabu!"

Nikaona nijitie ujuzi, nicheleweshe hilo suala la mkono mbele ya mama. Ya kwanza mtutu wake mrefu, inakuelemea mbele. Ya pili nyepesi, ina nukta nyekundu ya kulengea. Nukta ikatetemeka ukutani mpaka nikaona haya. Vyuma vya kawaida vinakusitiri, nukta inakutangaza. Ya tatu ikakaa. Triga yake ilivutika laini, kisha ikakatika pale pale ninapotaka, na uzito wote uko kiganjani. Nikauliza triga inalegezwa vipi. Nikauliza usafishaji. Nikauliza hata rangi! Mzee akajibu yote, halafu akatoa mipini miwili ya mbao iliyochongwa kufuata kiganja, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto.

"Bastola ni mpini," akasema. "Nifunge upi?" Alijua upi. Mimi nikageuka kumtazama mama.

"Anasemaje?" mama akanguruma.

"Anauliza mkono."

"Mkono wa kushikia vitu si mmoja tu!"

Nikawa mtoto tena, pale pale, na hamsini yangu na ushee. Nikaonyesha wa kulia. Mzee akanitazama, akaufunga. Nikapiga huku hasira imenijaa kifuani, hasira na mama, hasira na mimi. Mbili zikaingia pembeni mwa karatasi. Zilizobaki hatukujua zilikokwenda.

"Mbona unaua ukuta?" mama akauliza. "Ndiyo kazi ya kila Jumatano hii?"

Hapo nikachoka. Nikamwambia mzee afunge ule mwingine. Sikugeuka nyuma. Nikainua mkono wa kushoto, nikamsikia mama akivuta pumzi, nikapiga. Waya ukaileta karatasi mpaka mbele yetu, matundu yote yamesongamana katikati.

Mama akanyanyuka, akapitisha kidole juu ya yale matundu. Akasema, na alidhani anasema polepole, kumbe handaki zima linamsikia:

"Nilikuwa nikikufunga, nakwenda kulia jikoni. Bibi yako mzaa baba kila akija anatazama mkono wako kwanza, uso baadaye. Ningefanyaje?"

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha! Unakula kwa kulia?"

"Nakula kwa kulia."

"Unasalimia kwa kulia?"

"Kwa kulia, mama."

"Basi. Bastola hailiwi wala haisalimiwi. Mwambie."

Sikuweza. Machozi yananitoka mbele ya Waswidi wa watu, na mzee kasimama na bisibisi yake anangoja. Mama akaona hapa hakuna mkalimani. Mwanamke ambaye sijapata kumwona hata akimpungia mtu kwa mkono huo, akautoa wake wa kushoto ndani ya koti, akauinua juu kabisa, vidole vyote vimetanuka.

"HUU!" akapaza sauti. "Mfungie huu!"