Milima Miwili na Kifua cha Kagendo

Harufu ninayoichukia kuliko zote ni ile ya stovu ya mafuta taa inapozimwa. Ikiwa inawaka hainuki sana. Mtu anapoteremsha tambi na kuupuliza mwali wa mwisho, ndipo moshi mzito wenye mafuta unapopanda na kuingia puani, kwenye nywele, katika mablanketi, hata ndani ya debe la unga. Nimekulia katika harufu hiyo. Chumba chetu kilikuwa Makina, sehemu ya zamani ya Kibera, karibu na msikiti kiasi kwamba adhana ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha sisi tusiokuwa Waislamu. Kuta zilikuwa za udongo, zimepigwa saruji upande wa mbele tu ambako watu walizitazama, paa lilikuwa la mabati, mlango ulikuwa mmoja, na dirisha halikuwapo. Tuliishi humo watu wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu Kagendo. Stovu ilikaa nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka kitandani. Mvua iliponyesha tulifunga mlango ili maji ya mtaro yasiingie, mama akapika, nasi tukavuta hewa iliyobaki. Nilidhani watu wote duniani hukohoa wakati wa chakula.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa na miaka tisa na Kagendo minne, na msimu ule wa mvua ndefu kifua chake kilianza kulia. Kila alipovuta pumzi ilisikika sauti nyembamba kama ya mtu anayepiga mluzi nyuma ya ukuta. Wakati mwingine ngozi ya katikati ya mbavu ilizama ndani, mabega yakapanda, na macho yake yakanitazama kana kwamba mimi, niliyekuwa naye siku nzima, nilijua la kufanya. Mama alimpeleka kliniki, nami nikafuata nikiwa nimebeba kadi. Nesi aliweka chombo chake mgongoni mwa mtoto, akauliza tunapikia nini na tunapikia wapi, kisha akasema polepole, kama mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi siku hiyo, kwamba mtoto asikae kwenye moshi, kwamba akae nje penye hewa safi, na kwamba kama tuna ushago, kwa wazee mashambani, basi tumpeleke huko kwa muda. Nilikuwepo, niliyasikia yote matatu. Wazazi wangu walishika la tatu tu, na kwa miezi minne hawakuzungumzia kitu kingine.

Tatizo ni kwamba ushago zilikuwa mbili. Baba alizaliwa magharibi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mama alizaliwa Chuka, mashariki mwa Mlima Kenya, pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu kuanza. Mimi nilipewa jina la upande wa baba, Nafula, na mdogo wangu akapewa la upande wa mama, na watu walipenda kusema kwamba nyumba yetu ilikuwa na usawa. Sasa usawa huo uliwekwa kwenye kifua cha mtoto. Baba akirudi kutoka kazini alieleza jinsi watoto wa kwao wanavyoshinda nje tangu umande hadi jioni, wakifuata ng'ombe hadi kwenye mapango, na hakuna hata mmoja anayejua kikohozi. Mama akimenya viazi alieleza jinsi mito ya kwao inavyoshuka msituni ikiwa baridi hadi inauma meno, na jinsi mtoto anavyotandikiwa gunia chini ya migomba akalala hapo mchana kutwa. Waliisifu milima hiyo kwa uzuri wa kweli, na nitasema ukweli, nilipenda kuwasikiliza. Lakini walikuwa wakiisifu mlango ukiwa umefungwa, stovu ikiwa inawaka, na Kagendo akiwa kati yao kitandani.

Kisha ugomvi ukatoka nje ya chumba. Jumapili moja baada ya kanisa walikuja watu wa ukoo wa baba waliokuwa wakiishi Kibera, wanaume sita, wakakaa kitandani na juu ya mitungi ya maji, wakanywa chai yote. Mwenyekiti wao alikuwa mlinzi wa mchana katika mtaa wa Olympic, mtu mcheshi ambaye kila mtoto alimpenda. Alisema mtoto wa Elgon akilelewa huko mashariki atarudi akitafuna miraa na kumwita baba yake kwa jina. Wakacheka. Mama aliuliza kwa upole kama mtoto anavuta pumzi kwa ukoo ama kwa mapafu. Baba ndiye aliyejibu, na sentensi ile naisikia mpaka leo.

"Mama Nafula, nikipeleka mtoto kwenu akalelewe na mama yako, hawa watu wataniuliza swali moja. Kwani nilioa ama niliolewa?"

Wiki iliyofuata alikuja mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Kawangware. Naye hakumtazama mtoto kwa muda mrefu. Alileta mkungu, akaketi, akasema huko Elgon hakuna kitu isipokuwa ng'ombe na matope, na kwamba kwao mtu huamka akaiona theluji kabla ya kunawa uso. "Shemeji, mlima wenu hata barafu hauna, na bado mnauita mlima?" akamwambia baba. Baba alikataa kula ndizi zile. Zilikaa kwenye beseni hadi zikawa nyeusi. Nikiwa na miaka tisa niliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Sasa nina shahada, nimekaa katika mihadhara mingi kuhusu utambulisho na mali, na silioni kuwa la kuchekesha hata kidogo.

Lililonitia hasira zaidi nilipopata akili ni hili. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi alitembea kutoka Makina hadi Kawangware, akavaa miwani yake nyeusi kando ya barabara, akatengeneza madirisha. Madirisha makubwa, ya vioo vinane, yenye nondo zilizopindwa kama maua, ya watu wanaojenga nyumba za mawe. Alisifiwa kwa kazi yake. Na wakati mteja alipoacha oda, au chuma kilipobaki, alijitengenezea fremu moja ndogo, akaibeba begani jioni hadi nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda. Zilikuwa tatu msimu ule. Zilikuwa zikingoja kusafirishwa magharibi, ambako alikuwa akijenga nyumba kidogo kidogo tangu kabla sijazaliwa. Mdogo wangu alilala akipigania hewa juu ya madirisha matatu.

Mama Saida, mwenye nyumba, aliliona jambo hilo kabla yetu sote. Alikuwa mama wa Kinubi aliyezaliwa palepale Makina, na baba yake pia alizaliwa hapo, kwa hiyo alikuwa mtu pekee katika ploti ile ya vyumba vya kupanga ambaye hakuwa na ushago ya kuota. Siku moja aliinama mlangoni kwetu, akasikiliza kifua cha Kagendo, akaziona fremu. "Baba Nafula," alisema, "wewe si fundi wa madirisha? Toboa huo ukuta wa nyuma, weka moja. Ni udongo tu. Mimi nakuruhusu, na hutanilipa kitu." Baba alisimama kwa heshima, akamshukuru, akamweleza kwamba sisi pale ni wapita njia tu, tunajenga nyumbani. Alikuwa amepita njia hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Mama naye aliunga mkono, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Alisema hakuna haja ya kuharibu nguvu kwenye nyumba ya watu. Mama Saida alitutazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nimejaribu kulielewa jibu lile bila kuwadharau. Karibu kila jirani angelitoa. Watu walilea watoto Kibera, wakazeeka Kibera, na bado waliishi kama abiria waliokaa juu ya mizigo yao. Kupigilia hata rafu ukutani kulionekana kama kukubali kwamba umeshindwa kurudi ulikotoka. Naelewa. Lakini kuelewa hakunipunguzii hasira, kwa sababu kazi ya asubuhi moja ingetosha. Patasi, nyundo na saruji kidogo. Badala yake tulijadili milima miwili iliyo mamia ya kilomita kutoka kitandani pale.

Mwezi wa nane shule zilikuwa zimefungwa na mama alikuwa akifua nguo za watu katika maghorofa ya Nyayo Highrise. Aliniachia Kagendo na maagizo ya kumpashia uji saa sita. Mvua ilianza, nikafunga mlango kama tulivyozoea, nikawasha stovu, nikapasha uji, nikaizima. Nilikuwa nimeshika kijiko nilipoona kwamba ule mluzi umenyamaza. Nilifurahi kwanza. Nilidhani amepona. Kisha nikaona midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau, na mdomo unafunguka na kufungika bila kuingiza chochote. Nilimbeba nikatoka naye mvuani, nikapiga kelele nikimwita Mama Saida, naye akamfunga mgongoni kwa leso, akakimbia bila viatu hadi kliniki. Alipona. Walimwekea barakoa ya dawa na baada ya saa moja alikuwa akiomba chapati. Lakini mimi nilijua mkono wa nani uliwasha stovu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba halikuwa kosa langu.

Siku mbili baadaye, baba alipokwisha kuondoka kwenda Kawangware, mama alifunga nguo za Kagendo kwenye shuka. Nikakunja zangu pia. Alinizuia mkono. Hakuwa akilia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kueleza chumvi iko wapi.

"Wewe baki, Nafu. Wewe ni wa upande wa baba yako. Nikiwachukua wote wawili atasema nimevunja nyumba."

Nilimuuliza watarudi lini. Akasema kifua kikitulia. Kagendo alinipungia mkono hadi kwenye kona ya msikiti, akiwa na furaha, kwa sababu aliambiwa anakwenda kuona theluji.

Baba hakwenda kumchukua. Watu wa ukoo walimwambia mwanamume hamfuati mtoto kwa wakwe bila wazee, na wazee hawakupata nafasi, si mwezi huo, si mwaka huo. Mama alirudi baada ya wiki tatu, peke yake, akiwa amemwacha Kagendo kwa nyanya. Desemba baba alinipeleka magharibi pamoja na zile fremu. Nyumba yake ilisimama katikati ya mahindi, mabati yaking'aa, na hewa ilipita ndani yake kutoka pande nne. Hakuna aliyelala humo. Bibi, mama yake baba, alikataa kuhamia, akasema ni nyumba ya mwanawe. Alilala jikoni kwake, kando ya mafiga, nami nikalala naye, na moshi wa kuni ulinichoma macho vilevile.

Miaka mingi baadaye Kagendo aliniambia kwamba Chuka nako ilikuwa hivyo hivyo. Baridi ya msituni ilikuwa kali, kwa hiyo nyanya yake alimlaza jikoni, kwenye joto, karibu na moto ambao haukuzimwa. Kifua kilimsumbua utoto wote. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Wanaume sita, mjomba mmoja, wazazi wawili, na katika miezi yote ile ya mashariki na magharibi hakuna aliyeuliza mtoto atalala wapi.

Leo ninapangisha chumba Kawangware, na jambo la kwanza ninalokagua popote ninapohamia ni upepo. Marafiki hunicheka. Wazazi wangu bado wako Makina, bado wapita njia, na Krismasi bado wanabishana twende upande gani. Kagendo ana miaka kumi na tisa. Anatembea na pampu yake ya dawa mfukoni, anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya mama, na akija kwangu ananiomba ruhusa ya kufungua friji. Katika miaka yote hiyo alikuja Nairobi mara nne au tano, kwa ajili ya hospitali, na tulikaa pamoja kama watoto wa majirani. Kila likizo baba alinipeleka magharibi. Yeye alibaki mashariki.

Jioni moja mwezi uliopita nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu maisha yale ya nje, ya mlimani, ambayo nyumba nzima iligombana kumtafutia. Nilitarajia mito, au theluji.

"Jumamosi kulikuwa na gari la kutoka Nairobi," akasema. "Nilikuwa nakaa nje kando ya barabara kutoka asubuhi, nione kama utashuka."

Nilimuuliza kwa muda gani. Akasema mpaka darasa la tano, au la sita. Hakuna mtu aliyewahi kunikataza kwenda Chuka. Nilikuwa na mjomba sokoni ambaye angenipeleka siku yoyote, na ninahoji kila kitu, wanafunzi wenzangu walinijua kwa hilo. Lakini tangu nikiwa na miaka tisa hadi jioni ile sikuwa nimejiuliza kwa nini siendi. Nilijua tu kwamba kule si kwetu.