Jina Lililobaki Ndani ya Seva

Hospitalini daktari husifiwa, nesi husifiwa, hata mpishi akipatia chumvi husifiwa. Lakini fundi wa seva? Nani amkumbuke! Mambo yakienda sawa ni kama hakuzaliwa. Yakikwama, simu yake inalia mpaka inachoka, na kila anayepiga ana hasira utadhani fundi ndiye aliyekaa usiku kucha akiharibu mitambo kwa makusudi.

Basi huyu ninayemsimulia alikuwa fundi wa namna hiyo, mwanamke wa makamo. Hospitali nzima ilimwita Bi Seva, na nina hakika wengi walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya mashuka, chumba kisicho na dirisha. Kiyoyozi kilivuma humo mchana kutwa, si kwa ajili ya binadamu bali kwa ajili ya mashine, na Bi Seva alivaa sweta hata jua la nje likiwa la kukaanga. Majibu ya maabara, orodha ya dawa, foleni ya vitanda, vyote vilipita mle, ndani ya seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia nyingine zote.

Hakuwa peke yake zamani. Mumewe alikuwa fundi mwenzake, na viti vyao vilipeana mgongo, vikigongana kila mmoja alipojinyoosha. Mume huyo walimwita Fundi Taratibu, kwa sababu hukuweza kumharakisha hata kwa fimbo. Hakukipenda kipanya cha kompyuta. Kila kitu alikifanya kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi yenye herufi nyeupe, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho aliinua mikono yote miwili hewani, akasoma tena alichoandika, ndipo akabonyeza. Mkewe alimcheka sana kwa hilo. Siku moja wamenuniana tangu nyumbani, hakuna anayemsemesha mwenziwe, mara kwenye skrini ya Bi Seva ukatokea mstari uliotumwa kupitia seva: "Bibie, chai niagize ya watu wangapi?" Mtu amekaa nyuma yako, mgongo kwa mgongo, anakuandikia! Bi Seva alicheka mpaka akasahau alichonunia.

Kifo cha mumewe kilikuja mchana, bila hodi. Wiki ile mawasiliano kati ya maabara na wodi yalikuwa yanakatika hovyo, yanarudi yenyewe, na hakuna aliyejua sababu. Fundi Taratibu akaandika programu ndogo ya kuyavizia: ipime njia kila sekunde na kuandika ilichokiona ndani ya faili. Aliiacha ikifanya kazi ndani ya seva yenyewe, kwa ule mtindo wa mafundi, kwamba hata ukizima kompyuta ya mezani kwako, kule ndani kazi yako inaendelea na wewe unahesabiwa bado umeingia. Akasimama, akachukua tochi yake.

"Huyo usimguse," alisema. "Ananivizia mwizi. Nikirudi nitamsoma."

Alikwenda kukagua nyaya za jengo la pili, akaanguka kwenye ngazi. Moyo. Hospitali nzima imejaa madaktari, wengine aliwatengenezea kompyuta asubuhi ileile, na hawakumwahi. Inauma, jamani. Inauma mpaka leo kuisema.

Bi Seva aliporudi kazini baada ya maziko, alifanya alichokifanya kila asubuhi: aliiuliza seva nani yumo. Ni amri fupi tu. Mashine inakuletea orodha ya walioingia, na mbele ya kila jina inaonyesha ni muda gani umepita tangu mtu huyo aguse kibodi. Na jina la mumewe lilikuwemo. Ameingia. Hajagusa kibodi tangu siku ile.

Kwa kanuni, akaunti ya mtu aliyeondoka hufungwa, na kuifunga ilikuwa kazi yake yeye. Hakuifunga. Aliweka kiganja kwenye skrini juu ya lile jina, akakaa hivyo mpaka mtu akagonga mlango.

Jioni alimweleza mama mkwe, waliyekuwa wakiishi naye. Bibi yule hajui seva wala hajui kibodi, lakini hilo alilielewa upesi kuliko nilivyolielewa mimi. Tangu hapo, kila Bi Seva alipofungua mlango wa nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, aliulizwa swali lilelile kwa sauti ya chini: "Leo yupo?" Naye hujibu, "Yupo, mama." Kisha ndipo wanaandaa chakula.

Shida ni kwamba seva haikai milele bila kuzimwa na kuwashwa upya. Kuna marekebisho ya usalama yanayotaka hivyo, na ukiiwasha upya kila aliyekuwa ndani anatolewa. Mkuu wa idara aliagiza lifanyike. Bi Seva akasema maabara wana kazi nyingi wiki hii. Akaagizwa tena, akasema anangoja kifaa. Mwanamke ambaye hajawahi kudanganya kuhusu mashine hata siku moja, sasa alimpaka bosi wake mafuta kwa mgongo wa chupa, na bosi, kwa kuona haya mbele ya mjane, alikubali. Mimi simlaumu. Lakini na mashine nayo haina haya na mtu.

Miezi ikapita hivyo, ikafika asubuhi moja, simu ikalia. Mama wa maabara, msimamizi wao, mtu asiye na maneno mengi, alisema majibu hayatoki. Wanayaingiza, yanagoma. Bi Seva akaingia ndani ya seva, na jibu likamjia hapohapo: diski imejaa, hakuna pa kuandika hata herufi.

Diski ikijaa unatafuta kilichoijaza. Alianza kuhesabu faili, folda baada ya folda, na hesabu haikukaa sawa. Seva inasema imejaa pomoni, lakini ukijumlisha faili zote unazoziona, hazifiki hata nusu. Alirudia. Ilikuwa vilevile. Mwenzake wa zamu, bwana mmoja aliyeletwa baada ya msiba, waliyemwita Fagio kwa kupenda kwake kusafisha, alisimama nyuma yake akikuna kichwa. Alisema haiwezekani diski iwe na shida hiyo, maana yeye mwenyewe alifuta faili kubwa humo si zamani, limeandikwa vipimo vya njia, sekunde kwa sekunde, halina mwenyewe.

Bi Seva aliacha kuandika.

Alishaelewa. Fundi yeyote wa seva angeelewa. Faili likifutwa huku programu bado imelishika, jina lake ndilo linaloondoka. Lenyewe linabaki, halionekani, na programu inaendelea kulijaza. Halitaondoka mpaka aliyelishika aachie. Aliandika amri ya kuuliza ni faili gani zimefutwa na bado zimeshikwa. Ukaja mstari mmoja, na kwenye mstari ule lilikuwepo jina la mumewe.

Kumbe miezi yote hiyo mtu wake alikuwa kazini. Anapima njia, anaandika, anapima, anaandika, kwenye faili ambalo hakuna awezaye kulifungua kwa jina.

Fagio aliona jina, akashusha macho, akaomba radhi kwa kunong'ona. Bi Seva alimwambia hana kosa, na kweli hakuwa na kosa. Aliyeambiwa habari za programu ile ni yeye peke yake, na hakumwambia mtu.

Simu ikalia tena. Mama wa maabara alisema: "Kuna mama mjamzito yuko kwenye meza ya upasuaji anapoteza damu. Wanangoja kujua kundi lake la damu. Nimetuma mtu kwa miguu, lakini nyuma yake kuna wengine wengi."

"Nipe muda kidogo," alisema Bi Seva.

Yale yaliyoandikwa yangeweza kuokolewa. Njia ipo, anaijua: ayahamishie kwenye mashine nyingine kabla ya kuisimamisha programu. Lakini yalikuwa mengi kupindukia, yangechukua saa na saa, na pale mezani mtu anavuja damu. Kitu cha mwisho mumewe alichokianza, na ambacho angekisoma akirudi, ndicho alichotakiwa kukimwaga. Nafsi ilimsuta. Aliwaza, kama ningeiwasha seva upya nilipoambiwa, huyu mama angengoja? Alipiga moyo konde, akatumia mamlaka yake ya usimamizi, akaingia mahali ambapo hakuwahi kuthubutu kuingia: ndani ya kazi ya mumewe.

Mistari ilikuwa inashuka kwenye skrini, mmoja mmoja, kwa mwendo wa taratibu. Bi Seva akaandaa vidole kwenye vitufe vya kusimamisha, kisha, bila kupanga, akainua mikono yote miwili hewani. Akasoma. Akabonyeza.

Mistari ikasimama. Diski ikapumua palepale, na Fagio, aliyekuwa na simu sikioni, akasema majibu yameanza kutoka. Yule mama mezani alipata damu, akapona, na mtoto wake pia. Hakuna aliyemwambia majibu yake yalizuiwa na kazi ya nani, na hakuna haja ya kumwambia.

Ila skrini ilikuwa haijafungwa. Programu imesimama, lakini mume bado ameingia. Jina lake liko mwanzo wa mstari, na alama ndogo inawaka na kuzimika ikingoja aandike. Angeweza kuiacha hivyo. Diski haina shida tena, Fagio asingesema, na jioni nyumbani angeendelea kujibu, yupo. Alikaa mbele ya ile alama na machozi yakimtoka waziwazi, hakuyafuta. Alitamani kumwandikia kitu, na hakukuwa na wa kukisoma. Halafu akaandika neno la kutokea, lile ambalo mumewe angeliandika mwenyewe jioni ile kama angerudi, akabonyeza.

Akaiuliza seva nani yumo. Alikuwemo yeye peke yake.

Mchana uleule alikwenda kwa mkuu wa idara, akamweleza yote, pamoja na visingizio vyake, na kabla ya saa za kazi kwisha seva ikazimwa na kuwashwa upya.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anakunja nguo.

"Leo yupo?"

"Hapana, mama. Ametolewa."

Bibi aliliweka magotini shati alilokuwa amelishika. Aliuliza ni nani hasa, ni wale wakubwa wa kazini?

"Ni mimi. Kwa mikono yangu."

Mama mkwe alilikunja lile shati, akaliweka juu ya nguo nyingine. "Afadhali wewe," alisema mwishowe. "Angetolewa na mtu baki ningeumia zaidi."

Kisha akalia. Siku ya maziko hakulia, na walimwengu hawakosi la kusema, walisema ana roho ngumu. Jioni ile alilia mpaka sauti ikamkauka, na mkwewe alikaa chini karibu naye, wakalia pamoja, na chakula hakikupikwa.

Kesho yake Bi Seva alifungua mlango, akasimama kwanza kizingitini, hajui ataulizwa nini. Mama mkwe aliinua kichwa, akamtazama, akamuuliza yeye ameshindaje.