Senti Mbili za Mapacha wa Romana

Damiano wa Makanyagio alikuwa mhunzi mwenye mdomo mchafu na biashara safi: alikusanya sufuria zilizotoboka, akazigeuza medali za Bikira Maria. Chuma cha chapa, kile cha kugongea sura kwenye medali, alikichonga mwenyewe. Miguuni pa Mama wa Mungu akachimba herufi ndogo D, ya kwake, maana unyenyekevu hakujaliwa.

Tatizo la chapa ni kwamba inagongwa. Inapata makovu, inashika kutu, nawe unaisugua kwenye kinoo ing'are tena. Ukiusugua uso wake, vilivyochimbwa bila kina ndivyo vinavyotangulia kufutika. Kufikia Pasaka ya mwaka 1974, medali za Damiano hazikuwa na D, na Bikira hakuwa na pua. Akina mama wa parokia wakazikataa, eti za bandia.

"Nyie mnataka kusali au kupiga chafya?" akawauliza. Mimi jirani yake nilimpenda kwa majibu kama hayo. Padri hakumpenda hata kidogo.

Mwaka huohuo binti yake Romana, aliyeolewa na Makoye, Msukuma wa upande wa Ugalla, akajifungua mapacha. Damiano akapanda baiskeli kwenda kuwaona wajukuu wake wa kwanza. Mfukoni alikuwa na sarafu mbili za senti kumi, zenye tundu, za enzi za mkoloni. Dukani hazikununua kitu tena, lakini zilipendeza kuvishwa watoto kiunoni.

Mlangoni alipokewa na Nyanzala, mama yake Makoye. Kwa mama huyu mapacha hawapewi vitu tofauti. Ukimpunja mmoja, ataugua. Babu asingewagusa mpaka zawadi zilingane. Akazigeuza senti juani, akakunja uso.

"Hii ina H. Hii nyingine ina mguu wa H. Mkwe, umemletea mjukuu wangu mguu?"

"Ni kitu kilekile, mkwe! Mwaka mmoja, kiwanda kimoja, na H ni alama yao. Chapa yao ilichakaa, wakaisugua, herufi ikaliwa. Hata mimi Bikira wangu nimemla pua hivyohivyo."

"Nimekuelewa," akasema Nyanzala. "Na huyu wa mguu akishikwa na homa, nikaiambie homa kuwa chapa ilichakaa?"

Ndani watoto wakaanza kulia, wote wawili, na mzee wa watu akanyoosha shingo kuchungulia.

Basi yule aliyekataa kumrudishia Bikira pua parokia nzima ikimwomba, akaazima kinoo cha Makoye, akaketi chini na kuisugua ile H ibaki mguu kama mwenzake. Akapitiliza, hata mguu ukaondoka. Ikabidi aisugue na ya pili. Sasa hii ikawa nyembamba kuliko ile. Akairudia ya kwanza, huku akiwatukana Wazungu na viwanda vyao, mpaka zote mbili zikawa na vipara.

Nyanzala akazipapasa kwa kidole gumba. "Hawa sasa ni mapacha."

Damiano akanyoosha mikono apewe mmoja.

"Huanzi na mmoja," Nyanzala akamkemea, akamtwisha wote wawili kwa pamoja, kila mmoja mkono wake. Mzee akamtazama huyu, akamtazama yule. Machozi yakamtoka, na kamasi, na mkono wa kujifutia hakuwa nao.