Kiganja cha Kuonjea

Jumapili ile, nyumbani kwa mdogo wangu wa mwisho pale Katoro, tulikuwepo hivi: mimi niliye kaka mkubwa, mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kutoka machimboni na vumbi likiwa bado kwenye nyusi, mdogo wetu wa mwisho mwenyewe, ambaye ndiye mama mwenye nyumba, mumewe, na binti yao mdogo, aliyeipa sahani mgongo. Dagaa alikuwa amewamaliza. Mchicha ulikuwa pale pale ulipopakuliwa.

Baba yake alikuwa ameshaanza kutishia. Mdogo wangu, mama yake, alimshika mtoto mkono hadi jikoni, akachota mchuzi kidogo wa mchicha, akamdondoshea kwenye kiganja na kumwuliza kama chumvi imetosha. Mimi na yule wa machimboni tukatazamana. Tulikijua kile kiganja.

Kama na wewe nyumbani kwako kuna mtu asiyetaka kusikia habari za majani, sogea karibu. Haya mambo niliyaona kwa macho yangu, upande wa Shinyanga, si mbali na Kolandoto.

Wazazi wetu walitutoka nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikashika jembe na mwiko. Wavulana wenzangu walinicheka, wakaniita mama mdogo, nami nikaendelea kusonga ugali. Nilitaka kitu kimoja tu, sisi watatu tulale chini ya paa moja.

Kisha yule wa mwisho akaanza kupauka. Alikuwa akitembea kidogo, anakaa. Muuguzi wa zahanati alimfunua kope la chini, akanionyesha kulivyo kweupe ndani, akasema damu ni kidogo. Alitupa dawa na kusisitiza mboga za majani kila siku. Aliniambia pia nisimwage maji ya mboga, kwa kuwa faida yote iko humo.

Baba mkubwa alikuja jioni hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kama kliniki ijayo mtoto atakuwa bado vile vile, atamchukua yeye, na yule wa kiume ataenda kwa shangazi.

"Wewe mwenyewe bado mtoto," aliniambia. "Hakuna atakayekulaumu."

Kesho yake nilichuma mgagani, maana mvua zilikuwa zimeanza na ulijiotea wenyewe kando ya zizi. Kila mtu kwetu anajua mgagani huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa kuondoa uchungu, ndipo ukatiwa maziwa. Lakini mimi nilikuwa na neno la muuguzi kichwani. Sikumwaga hata tone. Mdogo wangu alitia tonge moja mdomoni, akalitema, akalia, na tangu saa ile hakutaka kitu chochote cha kijani. Matembele alikataa, majani ya maboga alikataa. Hata mlenda, ambao hauhitaji kutafunwa, aliufungia mdomo.

Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alisikia kilio kile. Alikuja na kibuyu kilichojaa nsansa, yale majani ya kunde yanayochemshwa kidogo na kuanikwa juani ili yaliwe kiangazi. Akaonja mgagani wangu na uso ukamkunjamana.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "muuguzi alikuwa anasema mchicha. Huu ungemkimbiza hata fisi."

Alikaa jikoni kwangu kama kwake. Aliroweka nsansa, akazibandika, akatwanga karanga. Harufu ya karanga zinazochemka na majani yale makavu hadi leo ikinifikia popote nasimama. Kisha akamwita mdogo wangu. Hakumwambia ale. Alimwambia ulimi wake yeye bibi umezeeka, hausikii tena chumvi, na kaka yake ameshaonyesha kwamba naye hajui, basi anahitaji mtu wa kuonja.

Akamdondoshea mchuzi kwenye kiganja. Mtoto akaulamba kwa mashaka.

"Bado," akasema.

Bibi akaongeza chumvi, akachota tena, safari hii na jani moja. Bado. Akaongeza karanga, akachota tena. Mdogo wangu alikunja uso kama mtu mzima anayepima mafuta ya taa, akasema bado kidogo. Kadiri sufuria ilivyochemka ndivyo kiganja kilivyojaa, mpaka alipotangaza kwamba sasa imeiva, alikuwa ameshakula zaidi ya nilivyokuwa nimemlisha wiki nzima.

Mezani, mdogo wangu wa kiume alimchokoza kwamba mpishi anaogopa jani. Yule mdogo akavuta bakuli kwake.

"Kama hutaki mboga yangu, kunywa maji."

Tangu hapo akawa mwonjaji. Niliendelea kama bibi alivyonielekeza: majani machungu nimwage maji ya kwanza, laini niyaivishe upesi, niweke karanga au maziwa au dagaa wachache, na nisipakue kabla yeye hajasema neno. Siku za michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nilimpa mchuzi achovye. Alichuma mwenyewe, alianika mwenyewe, na alifukuza mbuzi wasiguse mali yake.

Kliniki iliyofuata muuguzi alifunua kope, akaniita nione. Kulikuwa kwekundu. Baba mkubwa alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alitazama kope lile, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Basi kaeni," alisema.

Tukakaa.

Leo shamba tulilochuma kunde limechimbwa maduara, mashimo ya dhahabu, na palipoota mgagani panasimama karasha la kusagia mawe, linanguruma mchana kutwa. Zizi halipo. Bibi jirani alihamia kwa mwanawe, ng'ambo ya Masumbwe, kabla sijamrudishia kibuyu chake. Na kwetu chombo kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Kila mwaka nilikijaza nsansa, na kila mwaka njaa yetu sisi watatu ilikimaliza.

Jumapili ile, mtoto alipotoka jikoni na mdomo wa kijani akisema chumvi bado, nilitoa kibuyu kile cha bibi kwenye mfuko wangu nikakiweka mezani. Mdogo wangu alikitambua mara moja. Alileta nsansa zake alizoanika uani, akamimina ndani ili kisirudi kwa bibi kitupu, akamwita binti yake naye atie konzi yake.

Nilikishika, nikakitikisa. Nilisikia majani yakicheza ndani. Bado nusu.