Wino Niliopitisha kwenye Fomu ya Klotilda

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ushauri, Mkuu wa Shule alinikabidhi ufunguo wa kabati akasema, "Mwalimu, hii si kazi. Ni fomu tu."

Nilikuwa na shahada ya jiografia na miaka miwili ya kufundisha kule tambarare, upande wa Mabogini, kabla ya kuhamishiwa shule hii ya Kirua Vunjo. Aliyenitangulia katika nafasi ya mwalimu mshauri alikuwa ameacha ualimu na kwenda Holili kuuza mitumba. Jambo hilo lilipaswa kunifundisha kitu. Ndani ya kabati nilikuta vijitabu vya vyuo mbalimbali. Mchwa walikuwa wameanza na kurasa za masharti ya kujiunga.

Alasiri ile niliingia kidato cha nne. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkadiria majenzi anafanya kazi gani?"

"Anakadiria majenzi," nilijibu.

Hawakucheka. Waliinama wakaandika, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Watoto wale wangeandika chochote nitakachosema, na mimi nilizifahamu vizuri kazi mbili tu: ualimu na kuchuma kahawa.

Vijana wa leo hawaijui fomu ya machaguo tuliyoitumia, kwa hiyo niieleze. Mwanafunzi aliandika kwa mpangilio mambo aliyotaka baada ya kidato cha nne. Angeweza kutanguliza kidato cha tano na kutaja mchepuo, yaani masomo matatu yanayokwenda pamoja, kama fizikia, kemia na baiolojia kwa anayeota udaktari. Au angetanguliza chuo cha ualimu, cha ufundi, cha kilimo. Kwanza ilijazwa kwa penseli. Mzazi akaisoma na kutia sahihi. Kisha ikapitishwa wino, na hapo kufuta kulikuwa marufuku. Wanafunzi walikuwa wakimwaga wino, hivyo pale shuleni kazi ya kuupitisha ilikuwa ya mshauri. Kila Septemba nilikaa ofisini na fomu themanini na kalamu moja.

Ilikuwa miaka ya mageuzi ya uchumi. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wazee walikuwa wakiing'oa mibuni kimyakimya, wakaja kuniuliza, "Mwalimu, kazi gani haifi?" Ningejua, nisingekuwa pale. Mwaka mmoja niliwaelekeza vijana watano kwenye ufundi wa mitambo kwa sababu kiwanda kimoja mjini Moshi kilikuwa kinaajiri. Kabla hawajamaliza chuo, geti la kiwanda lilifungwa kwa mnyororo. Nilikutana na mmoja wao sokoni akiuza viazi. Akanipa shikamoo ya adabu kabisa. Afadhali angenitukana.

Ndipo akaja Klotilda.

Alikuwa mtoto wa Mzee Silvesta, mkulima na mwimbaji wa kwaya ya parokia, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Kwa kemia, Klotilda aliwapita wote niliopata kuwaona. Alitaka udaktari. Lakini fomu yake iliporudi kutoka nyumbani, chuo cha ualimu kilichokuwa jirani kilikuwa kimetangulia, mchepuo wa sayansi ukawa wa mwisho kabisa, na chini yake palikuwa na sahihi ya mzee, herufi kubwa kama za mtu anayechonga mti.

"Hiki ndicho unachotaka?" nilimuuliza.

"Ndicho baba anachotaka, mwalimu."

"Nimekuuliza wewe."

Aliitazama kalamu yangu. Nikachovya wino. Nikauandika mchepuo wa sayansi mahali pa kwanza na chuo mahali pa mwisho, juu ya penseli ya mtoto, juu ya sahihi aliyoitia baba yake kwa jambo jingine. Nilijiona shujaa kwa muda wa kutosha wino kukauka.

Kisha bahasha ya fomu ikaenda wizarani na hofu ikabaki. Shule za sayansi za wasichana zilikuwa chache. Akikosa nafasi ile, na chuo kikawa kimeshajaza waliokitanguliza, Klotilda angebaki nyumbani na cheti chake kizuri. Nilianza kusali misa ya pili ili nisikutane na Mzee Silvesta katika ya kwanza. Kila mzee mwenye koti la kahawia aliyeingia getini alinikatisha somo.

Majina yalitoka. Klotilda alichaguliwa kidato cha tano, sayansi, kwenye shule iliyoko kusini kabisa, safari ya siku mbili kwa basi. Mkuu wa Shule aliniita ofisini. Alikuwa ameitoa nakala ya penseli kwenye jalada, nakala niliyokuwa nimesahau kwamba tunaiweka kabla ya kupitisha wino.

"Hii na orodha havilingani," alisema. "Umefanya nini?"

Nikamweleza. Akavua miwani.

"Ningeweza kukuandikia barua ya kukusimamisha kazi sasa hivi. Nenda kwanza kwa mzee. Akija hapa kabla hujaenda kwake, sitakuwa na la kukusaidia."

Nilipanda njia ya kwao. Kwetu mlimani, aliyemkosea mtu humpelekea sale, lile jani refu la mmea unaozunguka vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Anayepelekewa sale hakatai kusamehe. Nilichuma moja, nikalifunga fundo, mimi msomi wa chuo kikuu niliyewahi kuandika insha nzima ya kuibeza mila hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliliona jani. "Umenikosea nini, mwalimu?"

Nilisema yote. Alilitazama jani. Kisha akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini mtoto haendi."

"Mzee, umelipokea sale..."

"Sale ni la kosa lako. Safari yake hukuiletea jani. Kaka zake wawili walikwenda shule za mbali. Mmoja yuko Mwanza, mmoja sijui aliko. Wakiondoka hawarudi. Ulipoandika na kalamu yako, hilo uliliandika wapi?"

Klotilda alitoka nyuma ya nyumba akiwa na jani lake. Akapiga magoti.

"Baba, nilimwona akiandika. Nilinyamaza makusudi."

"Kumbe mlikuwa wawili!"

"Watatu," sauti ya mama yake ikatoka jikoni. "Na mimi usinisubirishe, nina ndizi motoni."

Mzee alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka kabla. Kilipokwisha, macho yake yalikuwa mekundu. "Utampeleka wewe," aliniambia. "Hadi mlangoni mwa shule. Kisha urudi unieleze palivyo."

Nilimpeleka. Nikarudi, nikamweleza palivyo, nikapunguza vumbi. Mkuu alinipa onyo la maandishi, na tangu mwaka ule kila mwanafunzi alipitisha wino wake mwenyewe. Walimwaga mwingi, tukaagiza fomu za ziada.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Walimu vijana huniuliza siri ya ushauri, nami huwaambia waogope, tena waogope kila mwaka upya. Hawanielewi, wanadhani mzee anatania.

Klotilda ni daktari kulekule kusini. Ameolewa huko na ana watoto wawili. Macho ya Mzee Silvesta yamefifia, mkewe alikwishatangulia, na barua zikifika mimi ndiye ninayemsomea. Husikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama. Kisha huuliza kila mara, kwa sauti isiyotikisa dirisha lolote, "Amesema anarudi lini?"

Nami huigeuza karatasi, nikajifanya natafuta jibu upande wa pili.